Hiyo Dawa Imeandikwa Sura Gani?

Jumatatu moja, jua likiwa bado halijakaza, bibi mmoja wa usharika wetu alipiga hodi nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kwa habari za jumuiya, maana wiki ile zamu ya sala ilikuwa kwake. Nikamwamkia, akaitika, nikamkaribisha kiti na kuingia ndani kutafuta chai. Akaniita. Akasema chai atainywa, lakini kwanza autue mzigo aliokuja nao.

"Mwalimu, jana jioni nimemkuta mjukuu wangu amepanda kigoda, ameshika chupa ya dawa ya madoa, yuko mbioni kuimimina kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Nikamuuliza, wee, unafanya nini? Akanijibu, bibi, naosha dhambi za nyumba."

Nilikaa chini. Mwili wote uliniisha nguvu.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo ya Jumapili nilikuwa nimewafundisha watoto juu ya msamaha. Nilichukua glasi ya maji safi, nikadondosha wino wa bluu, nikawaambia: hii ndiyo dhambi. Maji yakachafuka yote. Kisha nikatia dawa ya kuondoa madoa, nikakoroga taratibu, na mbele ya macho ya watoto 80 wino ukapotea. Walishangilia mpaka wazee wa kanisa wakachungulia dirishani. Nilirudi nyumbani moyo umejaa, nikiamini kwamba siku ile watoto wamelisikia Neno. Kumbe mtoto wa miaka mitano alikuwa amesikia jambo moja tu, tena kwa usahihi kabisa: maji machafu yakitiwa dawa ya chupa ile, Mungu anasamehe. Akaenda kuifanya kazi ya Mungu nyumbani kwao.

Bibi aliona nimebadilika sura, akanishika mkono. "Sikuja kukulaumu, mwanangu. Nami nimefundisha watoto hawa kabla hujazaliwa, najua jasho lake. Mungu amemlinda, mtoto ni mzima. Ila nisaidie kitu kimoja. Hiyo dawa imeandikwa sura gani?"

Sikuwa na jibu. Dawa ile haikuwa katika sura yoyote. Wino pia. Mtoto wa watu alikuwa ametoka Shule ya Jumapili na kitu ambacho hakimo katika Biblia hata kidogo, na kile kilichomo, yaani habari ya Mungu anayesamehe, kilikuwa kimepita juu ya kichwa chake.

Swali lile limekuwa chujio langu tangu siku hiyo. Kila ninapoandaa mahubiri ya watoto, na kila ninapochagua kitu cha kuwaonyesha au kazi ya kuwapa mikononi, najiuliza: hiki kimo ndani ya habari yenyewe, au nimekileta mimi kiwe fumbo la habari? Kama nimekileta mimi, nakirudisha.

Wanaosoma mambo ya watoto wanajua kwa nini. Mtoto wa miaka mitano au sita hushika kitu kama kilivyo. Ukimwambia moyo wake ni nyumba, atauliza mlango uko upande gani, na hataki mzaha. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto kwa miaka mingi, aliona kwamba uwezo wa kuchezea mawazo yasiyoshikika hukomaa mtoto anapokaribia miaka 11 au 12. Katika usharika wetu huo ni umri wa kuelekea darasa la kipaimara. Sasa fikiria tunachowafanyia walio chini yake: wiki hii yai ni Utatu, wiki ijayo mshumaa ni Yesu, ya tatu puto ni Roho Mtakatifu. Wakubwa walioketi nyuma wanatikisa vichwa kwa kuridhika, maana fumbo limewafikia wao. Mtoto amebaki na yai.

Mwalimu mwenzangu mmoja alinipinga, na hoja yake ilikuwa nzito. "Yesu mwenyewe alifundisha kwa mifano," akasema. "Ufalme wa Mbinguni umefanana na hiki, umefanana na kile. Wewe unatukataza alichofanya Bwana?" Nililala nalo swali hilo siku kadhaa. Nilichokiona nikisoma upya ni kwamba mifano ya Yesu imetoka katika mikono ya waliomsikiliza. Aliwaambia habari za wavu watu walionuka samaki. Habari za chachu alizisema mbele ya watu waliokulia kwenye nyumba za kukanda unga. Hakuleta kiinimacho. Basi mimi nikimpa mtoto ule unga wenyewe, ule wavu wenyewe, nimemweka pale walipokuwa wasikilizaji wa kwanza, na mfano unabaki wa Yesu. Fumbo lifumbuke lenyewe litakapokuwa tayari, kama si mwaka huu, mwaka wa kipaimara.

Na nilipoanza kutafuta, nikaona Biblia ina njia yake ya kufundisha watoto, nayo ni hii hii. Kutoka 12: watu wanakula mwana-kondoo, mboga chungu na mkate usiotiwa chachu, na Musa anasema watoto watauliza, utumishi huu maana yake ni nini kwenu? Hapo ndipo mzazi asimulie. Yoshua 4: mawe 12 yanatolewa katikati ya Yordani, kila mtu na lake begani, yanasimamishwa Gilgali, ili siku za mbele watoto watakapouliza mawe haya maana yake nini, waambiwe. Ona mpangilio. Kwanza kitu, na kitu chenyewe kimetoka katika tukio. Halafu mtoto anauliza yeye. Ndipo mkubwa anafungua kinywa. Sisi tumeugeuza: mkubwa anaanza kusema, anauliza maswali mwenyewe, anajijibu, na kitu kinaletwa mwishoni kama pambo.

Nieleze jinsi ilivyokuwa tulipoingia Luka 15, habari ya mwanamke mwenye shilingi 10 aliyepotewa na moja. Ndivyo ilivyo katika Biblia yetu ya Union, ile ya 1952: shilingi. Nilipoisoma mara ya kwanza, binti mmoja wa darasa la pili akanyoosha kidole. "Mwalimu, shilingi moja mbona hainunui hata pipi?" Kweli tupu. Watoto hawa hawajawahi kuishika shilingi moja. Sarafu ndogo wanayoijua ni ya hamsini. Kwao mwanamke yule alikuwa anafagia nyumba nzima kwa kitu ambacho ukikiona barabarani huinami kukiokota.

Ilinibidi nikaelewe kwanza mwenyewe. Sarafu ile kwa Kiyunani ni drakma, ya fedha, na thamani yake ilikaribia dinari. Na dinari ndiyo ujira wa kutwa wanaopatana nao wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Basi nikawauliza watoto: nani baba yake au mama yake anafanya kibarua? Mikono mingi. Anatoka saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili. Anarudi saa ngapi? Giza. Sasa fedha ya siku hiyo yote imedondoka na haionekani. Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu tungelala njaa." Hapo hapakuhitaji maelezo tena.

Jumapili iliyofuata tuliziba madirisha ya darasa kwa kanga na vitenge, kwa sababu nyumba za maskini wa Palestina zilikuwa na madirisha madogo, ndiyo maana mwanamke yule aliwasha taa. Nikawasha kandili, nikaitundika juu wasipoifikia. Asubuhi na mapema nilikuwa nimeficha sarafu kumi za mia mbili mbili, tisa mahali pepesi na moja chini ya benchi la nyuma, kwenye ufa wa sakafu. Nikaleta mafagio matatu ya chelewa. Wakafagia kwa zamu. Tisa zilipatikana mara moja kwa vigelegele, kisha ikaja ile ya kumi.

Nilitaka sana kuwasaidia. Dakika zilipita, vumbi likapanda, wadogo wakaanza kuchoka na mmoja akalia kwamba anataka kwenda nje. Nikajizuia. Yule mwanamke alitafuta kwa bidii hata aione, na neno "hata" lile lina urefu wake. Siwezi kumwambia mtoto urefu huo, lazima aufagie. Mwisho fagio la binti mmoja mrefu likaikwangua kutoka kwenye ufa, ikaviringika, ikagonga mguu wa benchi ikalia. Nyumba nzima ilisikia. Walivamiana kama wamepata dhahabu.

Sasa, andiko linasema akiipata huwaita rafiki zake na jirani zake. Nikawauliza: majirani zetu ni nani? Wakatazamana, wakafungua mlango, wakatoka mbio. Walikwenda kwa wanakwaya waliokuwa wanakunja majoho. Wakaenda kwa mama anayeuza ndizi mbivu getini. Kisha wakaingia chumba cha wazee wa kanisa, ambako wazee walikuwa wameinamia meza wanahesabu sadaka, mafungu mafungu ya sarafu, na watoto wakapaza sauti: "Furahini pamoja nasi, tumeipata!" Mzee mmoja, mtu mkali anayeogopwa na vijana wote, alivua miwani. Akauliza mmepata nini. Wakamwonyesha mia mbili. Akaitazama, akaitazama meza yake, akasimama akawapigia makofi.

Wakati wa kufunga nilifanya ninalofanya siku zote siku hizi: nikauliza swali moja lisilo na jibu langu. Nasema, "Kuna kitu umekishangaa?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu huu. Binti wa pipi akasema, "Mwalimu, zile tisa zilisikiaje?" Sikuwa na jibu, na sikulitunga. Nililibeba mpaka nyumbani. Baadaye nikaona kwamba mfano unaofuata hapo hapo kwenye Luka 15, wa mwana mpotevu, unamalizikia kwa kaka mkubwa aliyekasirika nje ya karamu. Mtoto wa miaka minane alikuwa amefika pale kwa miguu yake.

Watu huniuliza maandalizi nayafanyaje na muda nautoa wapi. Mimi nina biashara ndogo sokoni na watoto watatu, kwa hiyo naandaa nikiwa kazini. Jumatatu nafungua kalenda ya kanisa nione masomo ya Jumapili ijayo, nachagua habari moja, nasoma mara tatu, na ya tatu nasoma kwa sauti. Kisha natafuta vitenzi. Siandiki fundisho kuu, naandika vitenzi tu. Zakayo: alikimbia, akapanda, akashuka, akamkaribisha. Yohana 13: akaondoka, akajifunga kitambaa, akatia maji, akaosha, akafuta. Katika vitenzi hivyo nachagua kimoja ambacho watoto wetu wanaweza kukifanya kwa mikono au miguu yao. Kimoja kinatosha. Zamani nilikuwa natafuta vitu vitatu kwa kila somo na nilitoka nimechoka na watoto wamechanganyikiwa.

Jumatano nasimulia habari ile kwa watoto wangu tukiwa tunachambua mchele. Sisomi, nasimulia. Hawa hawana adabu za kanisani: wakichoka wanainuka. Mahali wanapoinuka ndipo palipo parefu, napakata. Kwa kawaida kinachobaki ni dakika saba hivi, na sijajutia hata siku moja kwamba nilisema kidogo. Jumamosi tunakutana walimu wote wanne. Wa chekechea na wa wakubwa tunafanya kitenzi kile kile kwa namna tofauti, ili ndugu wakirudi nyumbani wawe na la kuzungumza pamoja.

Kuna jambo dogo la ufunguzi. Watoto wetu wamezoea "Hadithi, hadithi!" na kiitikio chake, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Ni namna nzuri ya kukusanya masikio, hakuna kengele inayoishinda. Lakini siwezi kuita uongo uje halafu nifungue Injili. Nilijaribu kuruka maneno yale, wakayajazia wenyewe. Siku hizi nasema "Habari, habari!" wanaitika "Habari njema, njoo!" Na wakati wote wa kusimulia Biblia iko wazi mapajani mwangu, hata kama siisomi. Wajue inatoka wapi, wasidhani ni ya sungura na fisi.

Habari ya chachu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mathayo 13:33: mwanamke aliitwaa chachu akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Pishi wazee wetu wanaijua, vibaba vinne. Ila kipimo cha asili kilikuwa kikubwa zaidi, kama lita 13, kwa hiyo pishi tatu ni unga wa kulisha kijiji. Sisi tulitumia kilo mbili. Na sikununua hamira ya pakiti, maana wakati ule chachu ilikuwa donge la zamani lililowekwa akiba. Nilibakiza kipande cha donge la maandazi tangu Ijumaa, kikakaa chunguni kimefunikwa, Jumapili asubuhi kikanuka uchachu hasa.

Tulikanda kabla ya ibada, mabakuli mawili, maji ya uvuguvugu. Kila mtoto alinawa na kukanda kidogo. Katika bakuli moja tukasitiri kile kipande, tukakigandamiza kikapotea. La pili tukaliacha. Tukafunika yote kwa vitambaa, tukayaweka upande wa jua, tukaenda kanisani kukaa na wazazi. Nasikia watoto wangu hawakutulia siku ile. Walikuwa wanageuka kutazama mlango.

Tulipotoka, nilimwita kwanza mtoto wetu mmoja asiyeona. Nilitaka awe wa kwanza kujua, maana mara nyingi yeye huambiwa na wenzake kitu kimekuwaje. Akatia mkono chini ya kitambaa cha kwanza, akasita, akatabasamu. Akatia chini ya cha pili. "Hili limevimba," akasema, "na hili limelala." Wengine wakasukumana kugusa. Mmoja akalalamika: "Mbona hatukuiona ikifanya kazi?" Nikasoma mstari ule mmoja wa Mathayo, nikafunga Biblia. Sikuongeza hata neno. Tuliyakaanga mama mmoja akisimamia jiko, watoto wakiwa mbali na mafuta, na yale ya bakuli la pili pia tuliyakaanga. Yalikuwa magumu kama vigae, wakayala vilevile.

Siwezi kupita hapa bila kusema juu ya usalama, maana mimi nimeonywa kwa namna ambayo Mungu peke yake anajua ingeishia wapi. Hakuna kemikali. Mbegu ndogo, iwe haradali au maharage, hazigawiwi kwa walio chini ya miaka minne, huingia puani na masikioni. Ukileta karanga, uliza wazazi kwanza. Na mwalimu hakai peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha, hata awe mwema kiasi gani; wawili wawili siku zote, mlango wazi. Kuna washarika huona sharti hili kama kuwashuku watumishi wa Mungu. Mimi naona ni kuwaheshimu watoto.

Zawadi nimeziacha. Tulikuwa tunatoa pipi kwa anayejibu, na matokeo yake wale wale sita walijibu kila wiki, wengine wakajifunza kwamba Neno la Mungu lina wenyewe. Vitisho navyo nimeviacha. Mtoto anayelala akiogopa moto wa jehanamu hajampenda Mungu kwa sababu hiyo.

Mahubiri ya watoto ndani ya ibada kubwa yana shida yake peke yake. Mchungaji anawaita mbele, wanakaa ngazini, na kusanyiko zima linatazama. Mwalimu anauliza swali, mtoto anajibu kwa moyo wake wote, na kanisa linaangua kicheko. Sio kicheko kibaya, wakubwa wamependezwa. Lakini mtazame mtoto. Anageuka, anaona midomo 400 inamcheka, na hajui kosa lake. Nimewaona waliofunga vinywa vyao siku hiyo na hawakuvifungua tena kwa mwaka mzima. Kwa hiyo siku hizi nawaketisha watoto wakiwa wamelipa kusanyiko mgongo, mimi nakaa chini kwenye mkeka sawa nao, kipaza sauti nakiweka kwangu tu, na siulizi swali la kujibiwa hadharani. Nawapa cha kufanya. Siku ya habari ya miguu kuoshwa tulikuwa na beseni, jagi na taulo, na watoto waliwaosha miguu wazee watatu wa kanisa waliokubali kukaa kwenye viti vifupi. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kwenye benchi la nne alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Sisi Walutheri tuna siku yao, Jumapili ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba. Wengi hawajui kwa nini malaika mkuu na watoto wamewekwa pamoja. Sikukuu ya Mikaeli ni tarehe 29 Septemba, na Injili yake tangu zamani ni Mathayo 18, ambapo Yesu anasema tusimdharau mmojawapo wa wadogo hawa, kwa maana malaika wao mbinguni siku zote huutazama uso wa Baba. Ni siku nzuri. Watoto wanasoma masomo, wanaimba, wanatoa ngonjera, wanashika vikapu vya sadaka. Naipenda tangu nilipokuwa ndani yake mwenyewe nimevaa soksi nyeupe.

Ila kila mwaka naingia Septemba na hofu ile ile. Inaanza na sare. Fulana za rangi moja, mchango kiasi fulani kwa kila mtoto, na ifikapo wiki ya tatu wapo wasioonekana tena mazoezini. Hakuna aliyewafukuza, mama hakuwa nayo tu. Halafu yanakuja mazoezi yenyewe, jioni baada ya jioni, mtoto anakaririshwa sura nzima mpaka anaisema kama kanda, na akikosea neno moja anapigiwa meza. Sipingi kukariri. Zaburi ya 23 niliyokaririshwa nikiwa na miaka saba ndiyo iliyonibeba nilipomzika mama yangu. Lakini katika Mathayo 18 yule mtoto aliyeitwa na kusimamishwa katikati hakupewa mstari wa kusema. Hakuvalishwa. Aliitwa, akaja, akasimama, na hilo lilitosha kuwa mahubiri kwa mitume 12. Mwaka huu nimeomba kamati kwamba kila mtoto avae nguo yake nzuri aliyo nayo. Wamekubali kwa shingo upande. Nitaendelea kuomba na mwakani.

Hata hii Shule ya Jumapili yenyewe haikuanza kama mahali pa kuwatuliza watoto wakati wakubwa wanasali. Robert Raikes, mwenye gazeti wa Gloucester, Uingereza, alianza kuwakusanya watoto mwaka 1780 kwa sababu siku sita walikuwa viwandani wanatengeneza pini, na Jumapili ndiyo siku pekee waliyokuwa huru kujifunza kusoma. Nawakumbuka watoto hao ninapoona jinsi wetu wanavyoingia Jumapili na mikono yenye sugu za kuchota maji. Hawa ni watu wa kazi. Mikono yao inajua mengi, na sisi tunawaambia wakae wamefunga mikono tuwahubirie.

Lile somo la Yoshua tulilifanya miaka mitatu baada ya habari ya mtungi. Tulishuka na watoto wakubwa mpaka Mto Morogoro, msimu wa kiangazi maji yakiwa ya kifundoni, wazazi sita wakitusindikiza. Tukachagua mawe 12 katikati ya mto, kila jiwe la kiasi cha begani, tukapanda nayo hadi kanisani kwa kupokezana. Ni mwendo wa nusu saa na ulituchukua saa mbili. Tuliyapanga chini ya mwembe karibu na geti, nikasimulia habari nikiwa bado nahema, basi. Hatukuandika kibao.

Mvua zikaja zikapita. Kamati ya ujenzi iliyatamani mawe yale kwa msingi wa ofisi mpya, nikawasihi, wakayaacha. Jumapili moja mwaka jana nilikuwa napita pale na viti kichwani, baada ya ibada ya pili. Mtoto mgeni, nadhani alikuja na ndugu zake kutoka Kilosa, alikuwa amekaa juu ya jiwe la juu. Akauliza, "Haya mawe ya nini?" Aliyekuwa naye alikuwa mjukuu wa yule bibi, sasa kijana, mabega yamepanuka. Siku ya mto alikuwa hajafika umri wa kushuka nasi. Alituona tu tukirudi tumeloa jasho.

Nilitua viti chini taratibu.

"Shuka kwanza," akamwambia. "Haya yametoka mtoni. Watu walikuwa wanataka kuvuka, mto umejaa mpaka juu, wana watoto, wana mbuzi. Mungu akayasimamisha maji. Yakasimama hivi." Akainua mkono, akaushikilia hewani. "Wakapita wote, hata bibi zao. Ndiyo wakabeba mawe, mtu mmoja jiwe moja, ili mtu akiuliza."

"Mto gani?"

"Huo hapo," akasema, akiunyooshea kidole Mto Morogoro.

Sikumkatiza.